Mfereji Uliokatwa Kwenye Kona

Mwenyekiti aliondoka nyumbani alfajiri kwenda kuutazama mpunga wake, ambao ulikuwa umeiva na ulikuwa uvunwe baada ya siku mbili. Alichokikuta kilimfanya apige yowe lililowatoa watu vitandani hadi nyumba za mwisho. Mpunga wote ulikuwa umelala ndani ya maji. Ukingo wa mfereji mkuu, pale kwenye kona juu ya shamba lake, ulikuwa umekatwa pengo ambalo ng'ombe angepita bila kugusa upande wowote.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu kona nzima ilikuwa imejaa watu. Sajini naye akafika, mswaki mdomoni. Jina hilo mama huyu alikuwa nalo tangu alipostaafu polisi na kurudi kulima nyanya, na hakuna aliyekuwa na habari na jina lake lingine.

Mfereji ule ni wa wakulima wenyewe. Waliuchimba kwa majembe na kwa ugomvi mwingi, na wao wenyewe ndio waliousimamia kupitia chama chao. Kabla yake watu walilima kwa kukodolea macho mawingu, na kiangazi kikiingia wanaume walikwenda mjini kubeba mizigo ya watu. Sasa nyumba zilikuwa na mabati, watoto walikwenda shule wamevaa viatu, na vitunguu vya pale viliuzwa mbali. Yote hayo yalisimama juu ya kitu kimoja: zamu. Maji yalianza shamba la juu kabisa, karibu na lango la mtoni, yakashuka shamba kwa shamba hadi chini kwa Sajini. Mzunguko mmoja ulichukua wiki mbili na ushee, na safari hii maji yalikuwa yamefika katikati tu.

"Mgawa maji yuko wapi?" Mwenyekiti alifoka, suruali imelowa hadi magotini. "Namtaka mgawa maji!"

"Nipo," alijibu Mama Zamu.

Huyu ndiye aliyepita kwenye mfereji kila jioni, akafunga huku na kufungua kule ili kila mtu apate haki yake. Chama hakikumlipa mshahara, kilimpa shamba. Shamba hilo ndilo lililomlisha yeye na wanawe watatu tangu mumewe afariki, na huyo mume alikuwa kaka yake Sajini.

"Jana jioni nilipita hapa, ukingo ulikuwa mzima," Mama Zamu alisema. "Nikafungulia maji kwa Domo, nikaenda kulala."

"Kulala!" Mwenyekiti alipiga makofi. "Mmesikia wenyewe?"

Hapo akajitokeza Bwana Kifungu. Shati lake lilikuwa limenyooka kama vile pasi imetoka juu yake dakika ile. Yeye ndiye aliyezitunga sheria za chama na alikuwa nazo zote kichwani, hata ukimsalimia angeweza kukujibu kwa kifungu.

"Tusipayuke, tufuate utaratibu," alisema. "Kifungu cha nne: mgawa maji akizembea, anarudisha shamba. Kifungu cha tano: mfereji ukikatika, zamu zinaanza upya kutoka juu. Kifungu cha sita: aliyepitwa na zamu anasubiri mzunguko mwingine, na hakuna kuamshana..."

"Tunavijua!" Domo alimkata. "Hicho cha sita ndicho kilichoniua mimi! Na zamu iliyomwagika usiku wa jana ni yangu! Kwa nini kila mara mimi, jamani? Nimewakosea nini?"

Watu waliinamisha macho. Msimu uliopita Domo alikuwa anamzika mama yake siku ya zamu yake. Aliporudi akaomba walau nusu siku ya maji, Kifungu akasimama akasema sheria haijui msiba, na mkutano ukamfuata. Vitunguu vyote vya Domo vilikauka, akauza dume lake la kulimia. Tangu hapo alikuwa akitangaza kila penye watu kwamba ipo siku ataupasua mfereji huu wote wakose. Ndiyo maana wengine, baada ya kuinamisha macho, waliyainua wakamtazama yeye.

Mwenyekiti akatoa amri. Mkutano ungekuwa saa tisa alasiri kwenye ghala la vitunguu, na kama mkosaji mwingine asingepatikana kufikia hapo, Mama Zamu angerudisha shamba.

Sajini akautoa mswaki mdomoni. "Nipeni mpaka hiyo saa tisa."

"Huyo ni wifi yake!" Domo alipayuka. "Si atamtetea tu?"

"Akiwa ni yeye nitampeleka kituoni kwa mkono wangu," Sajini alimjibu. "Na ukiwa ni wewe, utapanda gari hilo hilo. Nafasi ipo."

Watu wakacheka, Domo akanuna.

Sajini alichuchumaa kwenye pengo. Mfereji ukikatika wenyewe huanzia chini, kwenye tundu la panya au fuko, halafu udongo wa juu unaporomoka. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Juu palikuwa na makato ya jembe, yamenyooka na kulingana, na mkataji hakuwa na papara. Chini, kwenye matope, palikuwa na matawi na manyasi yaliyofinyangwa pamoja, na katikati yake buti moja la mpira limezama hadi shingoni. Alilivuta, likatoka kwa mlio ambao watoto waliufurahia sana.

"Mwenyekiti," alisema akilikung'uta, "wapo wanaonong'ona kwamba ni wewe uliyeiba maji."

"Mimi?" Mwenyekiti alikaribia kulia. "Sajini, tumwogope Mungu! Mpunga umeiva, maji nimeyatoa wiki iliyopita ili ardhi ikauke nivune. Leo nikayarudishe, nivune kwa mtumbwi?"

"Ndivyo nilivyofikiri. Nilitaka tu wanaonong'ona wakusikie."

Saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa Domo, aliyekuwa na zamu usiku ule, buti mkononi. Domo alikuwa ameketi kwenye kigoda, na lile buti jingine lilikuwa kando yake, halina mwenzake.

"Nimekuletea," Sajini alisema. "Sasa niambie limefikaje kule, na usinizungushe."

Domo alilisogeza lile jingine kwa mguu. "Nikisema utaniamini?"

"Sema kwanza."

"Nilikuwa shambani nanywesha. Maji yakaanza kupungua, yakapungua, yakakatika kabisa. Nikaufuata mfereji kwenda juu, nikakuta pengo. Nikajaza matawi, nikajaza manyasi, nikaingia mwenyewe nikaweka mgongo wangu, Sajini! Maji yakanishinda. Buti likabaki. Halafu ikaniingia akilini kwamba mtu wa kwanza kukutwa pale ni mimi, na maneno niliyoyasema yanajulikana. Nikakimbia."

"Ungepiga kelele watu wangekuja."

"Wangekuja kunifunga kamba."

Sajini hakubisha. Ni kweli wangemfunga. Na mtu hakati ukingo kwa utulivu ule, halafu akajaza matawi kwa hofu ile, tena kwa maji yaliyokuwa yanakwenda shambani kwake mwenyewe. Alimrushia buti lake akaondoka.

Kutoka hapo alipanda kwenda kwenye lango la mtoni, ahakikishe halikuchezewa. Kufuli lilikuwa zima. Njia ile inapita shamba la kwanza kabisa, la Bwana Kifungu, na kwa kawaida kila apitaye hapo husimama kidogo atazame. Mwenyewe alikuwa bado kule kwenye kona, anaelekeza watu jinsi ya kupanga viroba vya mchanga. Vijifereji vya kupitishia maji kati ya matuta ya vitunguu vilikuwa vimefunguliwa vyote, vimepigwa mstari, hakuna jani ndani. Magugu yaliyoparuliwa yalikuwa yamelundikwa pembeni, makavu, yakikatika vidoleni. Udongo uliochimbuliwa ulikuwa umeshaota ganda jeupe kwa jua. Majani ya vitunguu tu ndiyo yaliyokuwa na kasoro, ncha zake zilikuwa za njano na zimekunjika. Huyu bwana ana maneno mengi, Sajini aliwaza, lakini kulima anajua.

Saa nne na nusu alimkuta Mama Zamu nyuma ya nyumba yake, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Wifi, nisaidie nikusaidie," Sajini alisema akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Katika mzunguko huu, nani ana kinyongo na zamu yake?"

"Hakuna."

"Wote wamepata?"

Mama Zamu aliendelea kusugua sufuria. "Kila aliyekuwa macho amepata."

"Na asiyekuwa macho?"

"Sheria imekataza kuamshana. Maji yakifika kwako na umelala, nayapeleka kwa anayefuata."

"Ni nani huyo aliyelala?"

"Wifi," Mama Zamu alisema, "kazi yangu inanipitisha kwenye mashamba ya watu saa ambazo watu hawapendi kuonekana. Nimeona walevi, nimeona wanaolia, nimeona mengi. Wananiamini kwa sababu sisemi. Siku nikianza kumvua mtu nguo mbele za watu, sifai tena kushika maji yao."

"Watakunyang'anya shamba! Watoto utawalisha huo uaminifu?"

"Wanyang'anye." Machozi yalidondokea kwenye sufuria. "Lakini sikuzembea, na sikumsema mtu."

Sajini alitoka pale amekasirika. Alimpenda wifi yake, na wakati huo huo alitamani kumtikisa mabega. Akaenda shambani kwake, kwa sababu mtu akiwa na hasira ni heri alime. Vijifereji vya nyanya zake vilikuwa vimejaa majani. Kama zamu zinaanza upya kutoka juu, maji yangemfikia yeye baada ya wiki mbili au zaidi, na nyanya zingekuwa zimeshakufa. Hata hivyo alilishika jembe ili angalau afungue njia ya maji.

Alipiga majembe mawili akasimama.

Upumbavu gani huu? Nani anafungua njia ya maji wiki mbili kabla? Udongo unakauka, unapasuka, majani yanarudi, na siku maji yakija unaifanya kazi ile ile tena. Kila mkulima wa pale, mvivu kwa hodari, alifungua vijifereji vyake siku moja kabla ya zamu, basi. Sajini alilitazama jembe, kisha akatazama juu, upande wa lango la mtoni. Akaanza kucheka peke yake kule shambani hadi jirani yake akamuuliza kama yuko salama.

"Salama kabisa," alijibu. "Twende mkutanoni, usije ukakosa."

Saa tisa ghala lilijaa. Mama Zamu alikaa mbele, mikono mapajani. Mwenyekiti alikuwa amekwisha fungua mkutano, na Kifungu alikuwa amesimama kukisoma kifungu cha nne kutoka kichwani, Sajini alipoingia.

"Samahani Mwenyekiti. Naomba mkutano uhamie shamba la kwanza. Ni karibu, na huko kuna hewa."

"Kwangu?" Kifungu aliuliza. "Kwa kifungu gani?"

"Kwa miguu tu, bwana. Twende."

Walikwenda, wakasimama kuzunguka vitunguu vyake. Sajini aliingia kati ya matuta.

"Bwana Kifungu, hongera, shamba limepangika. Katika mzunguko huu zamu yako ilikuwa lini?"

"Ya kwanza kabisa. Kila mtu anajua."

"Na kama mfereji usingekatika, ingerudi kwako lini?"

"Mpaka maji yafike chini. Siku nane, tisa hivi."

"Ndugu zangu," Sajini aliwageukia watu, "ukifungua vijifereji leo na maji yanakuja baada ya siku nane, unavikuta vipi?"

"Vimejaa majani!" walijibu kwa pamoja. Mwingine akaongeza, "Na mkeo anakuuliza kama una homa!"

"Basi, Bwana Kifungu, hivi umevifungua kwa ajili ya maji yapi?"

Kifungu hakubabaika. "Nimevifungua leo. Mfereji umekatika, zamu zinaanza juu, nikajiandaa. Kuna kosa gani?"

"Saa ngapi leo? Tangu asubuhi ulikuwa kwenye kona na viroba. Mwenyekiti, uliwahi kumwona akiondoka?"

"Hakuondoka hata kujisaidia," Mwenyekiti alisema taratibu.

"Nilipita hapa kabla ya saa nne, na magugu yalikuwa yameshakauka." Sajini aliinama, akachota magugu kwenye lundo, akayaponda kiganjani mbele ya macho ya kila mtu. Yalimwagika unga. "Haya hayakuparuliwa leo. Yamepigwa jua siku nzima, la jana. Jana, wakati mfereji ni mzima na maji yamo kwenye mashamba ya katikati, wewe ulikuwa hapa unayafungulia njia. Mkulima mzuri haruhusu maji yamkute hajajiandaa, ndiyo tabia yako na tunakusifu kwayo. Safari hii umejiandaa mapema mno."

Hakuna aliyecheka tena. Domo alianza kusogea mbele na mtu akamshika mkono.

"Swali moja tu lilinisumbua," Sajini aliendelea. "Aliyenywesha wiki iliyopita anatafutia nini maji ya wizi? Halafu nikakumbuka ncha za vitunguu hivi. Hivi havijanywa. Zamu yako ilikupita."

Kifungu aligeuka, lakini si kumkabili Sajini. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira, akamnyooshea kidole Mama Zamu.

"Umewaambia! Umewaambia kwamba nililala!"

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alitazama nyuso zote zile zilizokuwa zinasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

"Sijasema neno," Mama Zamu alimjibu. "Sijamwambia hata wifi yangu. Nilikukuta umelala kwenye kibanda, jembe kifuani, nikasimama nikakutazama. Nilitaka kukuamsha, mzee wangu. Nikakumbuka ni wewe uliyekataza."

Kifungu aliketi chini, juu ya tuta, na shati lake lililonyooka. Hakukuwa na haja ya kumbana zaidi, kwa sababu alianza kusema mwenyewe. Alikuwa amechoka siku ile, akajilaza kidogo tu. Alipozinduka maji yalikuwa kwa jirani. Aombe? Aombe kwa nani, na kwa mdomo upi, ule ule uliomnyima Domo aliyetoka kumzika mama yake? Alikaa akivitazama vitunguu vikikunjika siku baada ya siku, na aibu ikamla. Mwisho akakumbuka kifungu cha tano. Alipachagua pale kwenye kona ili maji yamwagikie shamba lililokwisha kauka, akidhani hayatamdhuru mtu, akasahau kwamba mpunga ulioiva haustahimili.

"Na mimi?" Mama Zamu aliuliza. "Asubuhi uliponisomea kile cha nne, ulikuwa unasahau nini?"

Kifungu hakuweza kumtazama. "Nisamehe, mwanangu," alisema, akalia mbele ya watu wote.

Domo akajinasua. "Kifungu cha pili kinasemaje? Si unavijua vyote? Tusomee!"

"Anayeiba maji," Kifungu alisema kwa sauti ya chini, "anarudisha shamba."

"Haya, mmesikia!" Domo alihema. Alivitazama vile vitunguu vya njano muda mrefu, na alijua vizuri kuliko wote pale vingekuwaje baada ya wiki. "Ningelitaka shamba lake ningesema. Silitaki. Najua mtu akikosa msimu anakula nini. Mimi nataka maji yangu, leo leo, ukingo ukikamilika. Zamu haianzi juu, inaendelea pale ilipokatika. Na kile cha sita kife hapa hapa."

"Kife!" watu waliitikia.

"Na mpunga wangu?" Mwenyekiti alilalamika.

"Atauvuna yeye, atauanika yeye," Sajini alisema, "na utakachopungukiwa atakufidia kwa vitunguu, vitakavyopona."

"Mwenyekiti, nami nina ombi," Mama Zamu alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. "Kama sasa watu wataamshwa, mimi peke yangu siwezi kugonga milango yote hiyo. Nataka msaidizi, msimu mzima." Akamtazama aliyeketi juu ya tuta. "Awe mtu anayejua uchungu wa kupitwa."

Mikono ilinyooshwa yote, na wa Kifungu ulikuwa wa mwisho kuinuka.

Ukingo ulikamilika usiku, maji yakarudi alfajiri. Sajini alikuwa amemsindikiza wifi yake hadi penye mgawanyiko wa mfereji, na wote wawili walisimama wakisikiliza, kwa sababu nyumba ya Domo iko jirani na hapo.

"Hodi," sauti ya Kifungu ilisikika. "Domo, maji yamefika. Amka."

Ndani kimya.

"Hodi, ndugu yangu. Ni zamu yako. Amka, tafadhali."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kifungu."

"Cha ngapi?"

Mama Zamu alijiziba mdomo kwa upande wa khanga. Kule mlangoni mzee akasafisha koo.

"Cha sita," alisema. "Kilichokufa."

Mlango ulifunguliwa papo hapo. Domo alikuwa amevaa mabuti yake yote mawili, jembe begani, na kwa macho yale mekundu hakuwa amelala hata dakika moja. Alimpita mzee bila kumsalimia, akapiga hatua chache, akasimama.

"Njoo unishikie taa basi," alisema. "Au sheria inakataza?"

Kifungu akaichukua taa, wakashuka pamoja kwenye maji.